Karani Aliyeandika Kimya

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Rumonge, Jumanne asubuhi, mbele ya meza ya mama anayeniuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa akinipimia, akasita na kikombe chake mkononi, akaniuliza kama nimesikia kwamba yule grefie mrefu wa mahakamani amefariki alfajiri. Alilisema polepole, akatazama kwanza kulia na kisha kushoto, utadhani kifo cha mtu wa makamo ambaye kila mtu anajua ana presha ni jambo la kufichwa. Nilimwambia sijasikia. Akamaliza kupima, akaniongezea kiganja kizima, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo, na hatukuzungumza zaidi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua mimi si mwepesi wa kushtuka. Nimezika wengi katika mwambao huu, na safu hii imewalilia kadhaa. Lakini siku ile nilifika nyumbani mikono mitupu. Ndagala wangu niliwasahau juu ya meza, na mpaka leo sijarudi kuwachukua.

Kwa ambao hawakumjua, nieleze kwanza kazi yake, maana wengi huipita bila kuiona. Grefie ndilo jina tunalotumia huku kwa yule ambaye Kiswahili cha vitabu kinamwita karani wa mahakama. Anakaa chini kidogo ya mahakimu, kwenye meza ndogo, haulizi swali wala hatoi hukumu, na watu hudhani ni mtu wa kupiga mihuri tu. Kumbe karani huteuliwa kwa barua ya serikali, akasimama mbele ya mahakimu, akainua mkono wa kulia na kuapa kwamba ataandika kwa uaminifu na atatunza kilichoandikwa. Tangu siku hiyo, kikao kisicho na yeye si kikao, na hukumu isiyo na sahihi yake ni karatasi ya kufungia sambusa. Ndiye anayeandika yanayosemwa, anayemsomea shahidi maneno yake kabla hajaweka sahihi au kidole, anayetunza ufunguo wa kabati la dosie, yaani majalada ya kesi, na anayetoa nakala kesi inapokatiwa rufaa. Hakimu huhamishwa, leo yuko Muhuta, mwakani yuko bara. Karani hubaki palepale akizeeka na makaratasi yake.

Marehemu alizeeka katika mahakama moja ndogo ya mwambao ambayo sitaitaja. Alikuwa mtoto wa Waswahili wa Rumonge, babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo na cherehani moja na Kurani moja, na mjukuu alirithi mambo mawili, unadhifu na ubishi. Alikuwa na mwandiko wa mteremko, mzuri kwa mbali na mgumu kwa karibu. Maneno ya watu aliyaandika jinsi walivyoyasema, Kirundi kwa Kirundi, Kiswahili chetu kwa Kiswahili chetu, ndipo akaweka Kifaransa cha serikali pembeni. Na alikuwa na desturi moja ambayo kila aliyewahi kufika pale anaikumbuka. Akiachwa nyuma na wasemaji, aliinua kalamu juu, na mahakama nzima ikasimama. Hakimu alinyamaza, mashahidi wakanyamaza, mpaka kalamu ishuke. Nilimtania mara nyingi kwamba katika jimbo letu hakuna mtu mwingine anayeweza kuwanyamazisha wakubwa kwa kidude cha plastiki.

Siku moja alikuja avoka, yaani wakili, kutoka Bujumbura, amevaa joho lake jeusi katika joto ambalo hata mbuzi walikuwa wamelala. Akimtetea mfanyabiashara mmoja wa mawese, avoka aliteleza, akasema watu wa milima hii hawajui hata mipaka ya sahani zao. Watu waliguna. Baadaye hakimu alipomkemea, avoka akaapa kwamba hakusema neno kama hilo, labda walimsikia vibaya. Kalamu ikapanda juu. Karani akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, neno kwa neno, mpaka mwisho ambapo alikuwa ameandika: "Avoka anacheka peke yake." Chumba kizima kilicheka mpaka hakimu akagonga meza, na avoka akajifuta jasho kwa mkono wa joho. Nilicheka kuliko wote. Wiki hiyo niliandika kisa hicho katika safu hii, na barua zenu za pongezi zikanipa kichwa kikubwa kwa muda. Leo nakitaja kwa aibu, kwa sababu katika kikao kilekile, mchana wa siku ileile, kulitokea jambo jingine mbele ya macho yangu, na hilo sikuliandika.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mjane kutoka milima iliyo juu ya Minago. Mumewe alimwachia shamba la michikichi, si kubwa, lakini ni michikichi inayozaa na iko karibu na barabara. Yule mfanyabiashara wa mawese alikuwa ameleta mahakamani karatasi ya mauzo yenye alama ya kidole cha mama, akidai shamba ni lake. Mama alikiri kwamba kidole ni chake. Alisema aliletewa karatasi nyumbani, akaambiwa ni ya kupokea chandarua, akabonyeza. Hapo hakimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akauliza swali ambalo kesi nzima ilikuwa imelala juu yake: ni nani aliyemletea karatasi hiyo?

Mama alifungua mdomo. Kisha macho yake yakaenda kwenye benchi ya pili, yakakaa hapo. Kwenye benchi hiyo alikuwa ameketi bwana mmoja mwenye koti la kijivu, mtu anayeheshimiwa sana milimani, ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa wala shahidi, amekuja kusikiliza tu. Alikuwa amekunja mikono. Alimtazama mama yule kwa upole kabisa. Hakimu alirudia swali mara ya pili, na ya tatu. Mama hakusema kitu. Kulikuwa na joto la kuchemsha maji, na nilipogeuka nikaona kila mtu anaangalia viatu vyake.

Karani ndiye pekee aliyekuwa ameinua kichwa. Alikuwa akiandika. Yeye aliamini, na aliwahi kunieleza tukinywa chai, kwamba katika mwambao huu mtu akiogopa hasemi uongo, ananyamaza, na kwa hiyo anayeandika maneno peke yake ameandika nusu ya kesi. Wahenga walituambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Karani yeye aliongeza kwamba kimya kina mahali pia, ukifuata macho utapajua. Kwa hiyo aliviandika vimya vya watu, na mahakimu walimzoea. Siku ile, kabla ya kumpa mama kidau cha wino, alimsomea kama ilivyo kanuni. Alisoma kwamba mama aliulizwa nani alimletea karatasi, akanyamaza, na wakati ananyamaza alikuwa anamtazama bwana wa koti la kijivu, benchi ya pili. Akamuuliza, "Mama, iko hivyo ao haiko hivyo?"

Mama alikitazama kidau cha wino. Akajibu, "Iko hivyo," akaweka kidole.

Bwana wa koti la kijivu alisimama taratibu, akamwinamia hakimu kwa heshima, akatoka. Nje pikipiki ikawaka.

Kama siku kumi baadaye, Jumamosi alasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwa karani, tukibishana juu ya ziwa, ambalo mwaka ule lilikuwa limepanda tena na kumeza vyumba vya nyuma vya jirani yake. Mama yule akafika kwa baiskeli ya kubebwa, amefunga kitenge chake cha kutokea. Akatuamkia amahoro, akapewa kiti na chai, na chai ile hakuigusa. Hakuzunguka. Aliomba kimya chake kitolewe kitabuni. Karani alimweleza kwa subira kwamba kilichowekwa kidole hakifutwi, kwamba hata hakimu hawezi kukikwangua, kwamba sahihisho hufanywa kikaoni mbele ya wote na kila mtu akatia sahihi pembeni. Kama anataka kubadili ushahidi wake, mlango uko wazi, aje aseme mahakamani. Mama akatabasamu tabasamu la kuumiza, akauliza aseme mbele ya nani, mbele ya wale wale? Karani akarudia kwamba aliapa.

"Weye uko na kiapo, baba," mama akasema. "Mimi niko na batoto."

Nilitamani karani aseme ndiyo, niwe mkweli. Nilitamani aingie ofisini Jumatatu, achukue wembe, akwangue mstari mmoja, na mama yule alale usingizi. Hakusema ndiyo. Mama aliaga kwa adabu zote, akapanda baiskeli, akaenda. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba ana moyo wa jiwe, hakukasirika. Alikuwa anatazama kikombe cha mama kilichokuwa kimejaa bado. "Nikitoa yake kwa huruma," akasema, "kesho nitatoa ya mwingine kwa woga. Mukono hautajua tofauti." Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki. Najua tu kwamba hakulisema kama mtu anayejisifu. Alilisema kama anayeona kitu kinakuja na hana pa kukwepea.

Mama alishinda kesi. Mahakimu walitumia ukurasa ule, wakasema kimya cha namna ile kinaonyesha kitisho, wakaikataa karatasi ya mauzo. Siku ya hukumu hapakuwa na vigelegele. Haukupita mwezi, mama alifunga mlango wake kwa komeo, akachukua watoto, akahamia kwa dada yake Nyanza-Lac, na michikichi yake ikaanza kuvunwa na watu ambao hakuna aliyewajua au aliyetaka kuwajua. Mfanyabiashara akakata rufaa. Maana yake ni kwamba kila kitu sasa kilitegemea dosie, na dosie ilimtegemea karani, kwa kuwa ndiye wa kuinakili na kuipeleka juu. Mahakimu wa rufaa hawatamwona mama akinyamaza. Watausoma ukurasa.

Katika miezi iliyofuata rafiki yangu alibadilika, nami nilibadilika kwa kujifanya sioni. Aliacha baiskeli, akawa anapanda minibasi hata kwa safari ya dakika kumi. Kwenye mgahawa alikaa mgongo ukutani. Aliacha kutaniana na wateja wake, na kalamu yake, niliambiwa, ilipanda mara chache. Siku moja, tumetoka msikitini, aliniuliza bila kunitazama: "Siku ile ya mama wa Minago, ulikuwako, sivyo?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba nilikuwako, ila nilikuwa nikishughulika na avoka wake. Alicheka kidogo kwa ajili yangu. Hakuniuliza tena. Nimelirudia swali lile kichwani usiku na mchana tangu alipofariki, na kila mara nalisikia wazi zaidi. Hakuwa akipiga soga. Alikuwa akitafuta shahidi, na mimi nikamtolea utani.

Alikufa kwa moyo. Daktari amesema hivyo, familia inasema hivyo, nami sina neno lingine na sitasingizia mtu. Tulimzika alasiri ya siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotaka, tukarudi kukaa kilioni kwenye mikeka. Kilichonitia hofu si kifo chake. Kabla sahani hazijamaliza kugawiwa, walifika mabwana wawili kutoka kazini kwake, mashati yamepigwa pasi, wakatoa rambirambi, wakaketi muda wa dua moja, kisha wakamwita mkewe pembeni. Walitaka ufunguo wa kabati. Hawakupaza sauti. Walisema ni taratibu tu, kazi haisimami. Mke wa marehemu alikuwa na fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Akalifungua, akatoa ufunguo, akawapa. Tulikuwa wanaume wengi pale. Hakuna aliyeuliza kwa nini ufunguo hauwezi kungoja hata siku tatu za matanga. Mimi nilikuwa na sahani ya wali mkononi, na niliendelea kula.

Karani mpya aliteuliwa haraka. Nilikwenda kumtazama akiapa, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumuaga rafiki yangu. Ni kijana wa heshima, amesoma, anaandika kwa kompyuta kwa kasi ambayo haihitaji kumsimamisha mtu yeyote. Aliapa vizuri. Baada ya kiapo nilimpongeza, na baada ya siku chache nikarudi kumuuliza habari ya dosie ya mama wa Minago. Akaniambia imekwisha kupelekwa kwenye rufaa, na kwa kuwa mwandiko wa mzee ulikuwa mgumu, imenakiliwa upya, safi kabisa. Akanionyesha nakala yake, naamini kwa nia njema. Nilitafuta mahali penyewe. Palikuwa na swali la hakimu, na chini yake: "Shahidi hakujibu." Basi. Hapakuwa na benchi, hapakuwa na koti, hapakuwa na macho.

Nilimwambia kuna kitu kimepungua. Akanijibu kwa upole, "Mzee, sisi tunaandika yenye inasemwa. Macho haisemi kitu." Nikamuuliza karatasi za mkono ziko wapi, zile zenye kidole cha mama. Akatazama mlango. Akashusha sauti, akasema ziliwekwa pahali, na akaniomba nisimuulize zaidi. Sikumuuliza. Nilimhurumia. Ana mke ambaye ni mjamzito, na nilianza kuona namna kazi hii inavyomfundisha mtu kutazama mlango.

Nilitembea mpaka ufukweni kufikiria. Shahidi hakujibu. Maneno mawili, na yote mawili ni ya kweli, hakuna mahakama duniani itakayoyaita uongo. Lakini mwanamke asiyejibu anaonekana ni mwongo aliyeishiwa maneno, na mwanamke anayenyamazishwa ni kitu kingine kabisa, na shamba lake limelala katikati ya hao wawili. Tunaishi katika zama za kurekodi. Kila kijana wa Rumonge ana simu yenye jicho, kila harusi ina picha elfu, na nimewasikia wakubwa wakisema karibuni mashine zitakaa badala ya makarani, zinase kila sauti. Inawezekana. Ila mashine ikimsikiliza mama yule itanasa sauti ya feni na kikohozi cha mtu. Huku kwetu tumelelewa kuficha mambo tumboni, tumezika mengi kwa njia hiyo, na tumeiita hekima. Nchi ya namna hiyo inamhitaji binadamu anayeinua kichwa wakati wengine wote wanaangalia viatu. Ziwa linapanda na kufunika mawe ya mipaka, kesi za ardhi zitaongezeka, na kabla mawe yote hayajafunikwa, sioni tunawatayarisha watu gani wa kuandika.

Jana nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Niliandika kwa mahakama ya rufaa kuomba nisikilizwe kama shahidi wa kikao kile, nikampelekea mama ujumbe kwa dada yake kwamba sitamwacha aende peke yake. Sijui habari husafirije katika mji huu. Leo adhuhuri, nikivuka barabara ya Nyanza-Lac, bwana wa koti la kijivu alisimamisha gari, akateremsha kioo, akaniamkia kwa jina langu kamili. Akauliza hali ya binti zangu, wote watatu, kila mmoja kwa jina lake, na akamkumbuka hata yule aliyeolewa mbali. Nilimjibu kwamba ni wazima, nikamshukuru, murakoze. Akatabasamu, akaenda. Sitawadanganya, kwa mara ya kwanza nilielewa mama yule alikuwa anatazama nini.

Ndiyo maana naandika haraka, na naandika kwenu. Tulimwachia mtu mmoja kazi ya kukumbuka kwa niaba yetu, tukampa muhuri na meza ndogo, sisi tukabaki na kazi ya kucheka na kusahau. Alikuwa peke yake na tulijua. Somo nililolipata kwake nimelipata kwa kuchelewa: kiapo cha karani hakimtoshi karani. Akiandika tulichokiona, sisi tulioona tunawajibika kusema kwamba tumekiona, wakati bado yuko hai na anatutegemea. Siku ile chumba kilijaa. Mlikuwepo wengi, wengine ni wasomaji wangu, na mnajua nani alikaa wapi. Mtu mmoja akisimama kusema haya, ni rahisi kumuuliza hali ya watoto wake. Tukifika thelathini, itabidi bwana wa koti la kijivu awajue watoto wa mji mzima. Rufaa inasikilizwa Alhamisi ya kwanza baada ya mvua hizi kwisha. Mimi nitafika saa mbili asubuhi.